Gari la Mtoto na Vumbi la Makaa

Hakuna kijiji tulichowahi kukaa, nyumbani wala ugenini, ambacho watoto wake hawana gari. Mwana wa maskini hujifanyizia la mabua ya mtama, au la waya uliookotwa nyuma ya duka, akakata ndara iliyochakaa apate magurudumu manne, kisha akalisukuma njiani huku mdomo wake ukinguruma badala ya injini. Mwana wa tajiri hununuliwa la dukani. Walakini furaha yao ni moja, maana mtoto apendacho si chuma wala waya, bali ni kushika usukani na kuona njia ikimjia. Leo twapenda kuwaeleza habari za gari moja la namna hiyo, ambalo sisi, mume na mke, tulilitengeneza upya kwa ajili ya mjukuu wetu. Ni habari ya mchezo wa mtoto, lakini asili yake haikuwa mchezo, ilikuwa ugonjwa.

Sisi tulifundisha shule miaka mingi huko nyumbani, na sasa twakaa Cardiff, mji mkuu wa Wales, kwa mwana wetu ambaye ameoa na kufanya kazi huku. Wales ni nchi ya milima iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza. Mtu akitoka Cardiff kwenda kaskazini huingia katika mabonde marefu na membamba, na nyumba zimepangwa kandokando ya milima kama shanga katika uzi. Zamani chini ya mabonde hayo palichimbwa makaa ya mawe. Sifa yake ilienea duniani, maana yaliwaka kwa nguvu na kutoa moshi mchache, na meli zilizosafiri kuja upande wetu ziliyapakia njiani, Port Said na Aden, kama msafiri ajazavyo kibuyu chake maji. Katika mwaka wa 1913 peke yake machimbo ya Wales ya Kusini yalitoa tani zaidi ya milioni 56.

Lakini makaa hayachimbwi bila vumbi. Vumbi lake lililo baya zaidi ni lile jembamba mno, lisiloonekana kwa jicho likiwa hewani. Mchimbaji hulivuta kwa pua, likashuka mapafuni, likakaa humo lisitoke. Baada ya miaka mingi mapafu hushikwa na makovu na kuwa magumu, na pumzi huwa fupi, hata mtu wa miaka 40 akipanda ngazi hushika ukuta kama mzee wa miaka 80. Wala hakuna dawa iwezayo kuyarudisha mapafu hayo katika hali yake ya kwanza. Kwa kanuni za mwaka wa 1943, mchimbaji aliyethibitishwa na madaktari kuwa na ugonjwa huo alipewa fidia, lakini pamoja na fidia alitolewa katika kazi ya mgodi. Fikirini basi taabu yake. Katika mabonde yale kazi ilikuwa moja tu, nayo ni mgodi. Mtu akiisha kuondolewa humo alikaa mlangoni pake akihema, mikono yake ingali na nguvu na ujuzi, wala hapana aliyeihitaji.

Katika siku hizo kampuni ya motokaa iitwayo Austin, ambayo kiwanda chake kikubwa kilikuwa Longbridge karibu na Birmingham, ilikuwa na shauri la kutengeneza gari dogo la watoto, la kuendeshwa kwa kukanyaga. Mwenyekiti wake alikuwa Leonard Lord. Serikali ikatoa fedha, kiwanda kikajengwa Bargoed, katika bonde la mto Rhymney, kusudi wachimbaji walioharibika mapafu wapate kazi. Kikafunguliwa tarehe 5 Julai, 1949. Gari la kwanza liliitwa Pathfinder, nalo lilifanana na motokaa ya mashindano. Likafuatwa na lile lililopata sifa kubwa, yaani J40, lililofanana na motokaa ya Austin iitwayo A40. Yalitengenezwa mpaka mwaka wa 1971, na hesabu ya J40 ilipita 32,000.

Tena liko jambo moja litakalowapendeza wale waliokuwa wakiokota waya nyuma ya duka. Magari yale yalifanyizwa kwa mabaki. Kule Longbridge, bodi za motokaa kubwa zilipokwisha kukatwa, vipande vya bati la chuma vilisalia, navyo vililetwa Bargoed vikafinywa kwa mashine kuwa bodi za motokaa ndogo. Hivyo mabaki ya chuma yakashikwa na watu waliohesabiwa kuwa mabaki ya mgodi, na kilichotoka mikononi mwao kilikuwa kitu kizuri ajabu. Boneti hufunguliwa, na ndani yake imo injini ya mfano pamoja na plagi zake. Buti nayo hufunguliwa. Matairi ni ya kujazwa upepo. Taa za mbele huwaka na honi hulia kwa nguvu ya betri. Bampa zake zang'aa kwa kromu. Urefu wake ni futi 5 na zaidi kidogo, na uzito wake wapita kilo 40. Si kitu cha kubebwa kwapani.

Sasa tuseme jinsi gari hilo lilivyotufikia. Katika mtaa wetu yuko mzee mmoja aliyepita miaka 80, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wachimbaji wale wa Bargoed. Baba huyo alifunga taa za magari ya watoto kila siku, na mwanawe hakupata hata mara moja kukaa ndani ya gari kama hilo, maana bei yake haikuwa ya nyumba ya mfanya kazi. Baba alikufa kwa mapafu yake. Mwana alipokuwa mtu mzima aliliona gari moja bovu likiuzwa pamoja na vyuma vikuukuu, akalinunua, akaliweka katika kibanda nyuma ya nyumba, akisema, “Nikipata nafasi nitalitengeneza.” Nafasi ilipokuja, mikono ilikuwa imeanza kutetemeka.

Mzee huyu alizoea kuzungumza nasi ukutani, maana alipenda kusikia habari za mashamba yetu ya nyumbani. Siku moja akamwona mjukuu wetu, msichana wa miaka 5, ameketi ndani ya boksi la karatasi ngumu, ameshika sahani kuwa usukani. Akamtazama kitambo, kisha akatuita kibandani. Akaondoa turubai, akasema, “Mwalimu, lichukueni hili. Wako watu watakaolinunua kwa maelfu ya pauni, nami nawajua. Lakini wao wataliweka mahali pa kutazamwa. Mimi nataka lipandwe.”

Tukamwambia, “Mzee wetu, hii ni mali.”

Akajibu, “Ni gari la mtoto. Halijapata mtoto tangu nilinunue.”

Basi likaja uani kwetu. Sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu hata vidole vilipita. Matairi yalikuwa magumu kama gome. Juu ya bodi palikuwa na rangi ya kijani iliyopakwa kwa brashi ya nyumba, na chini yake nyekundu, na chini ya nyekundu ile ya kiwandani. Kwanza tulilifungua kipande kipande. Kila kipande tulikipiga picha kabla ya kukitoa, na skrubu za kila mahali tuliziweka katika kopo lake lenye jina, maana akili ya leo haitaikumbuka kazi ya miezi mitatu iliyopita. Nati zilizoshikana hatukuzilazimisha kwa nyundo. Tulizitia mafuta jioni, tukazitia tena asubuhi, na siku ya tatu au ya nne zikakubali. Spana zetu za milimita hazikufaa, ikatubidi kuazima zile za kipimo cha inchi.

Ndipo tukafika kwenye neno gumu, yaani kuiondoa rangi. Rangi nyingi za zamani hizo zilichanganywa na madini ya risasi, ili zishike vema na zidumu. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo wake, tena dalili zake hazionekani upesi, bali mtoto huwa mzito wa kujifunza na mwepesi wa hasira, na watu husema ndiyo tabia yake. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa ni salama. Tulinunua vijiti vya kupimia, ambavyo husuguliwa penye rangi, na risasi ikiwamo ncha yake hugeuka nyekundu. Cha kwanza kikageuka. Cha pili, upande wa ndani wa mlango ambapo mtoto huweka mkono, kikageuka vilevile.

Njia ya upesi ilikuwako. Kijana mmoja mwenye mashine ya upepo alituambia kwamba angeweza kulipiga kwa chembechembe za mchanga palepale uani, na kabla ya adhuhuri chuma kingekuwa cheupe. Wako mafundi wafanyao kazi hiyo katika vyumba vilivyofungwa, nao huvaa mavazi ya kuwalinda; lakini yeye alikuwa na kitambaa tu cha kufunga puani, na ua wetu umepakana na dirisha la chumba alalamo mtoto. Njia nyingine ilikuwa ya polepole: kupaka dawa ya kulainisha rangi, kuikwangua ikiwa mbichi, na kuyamaliza mabaki kwa msasa uliolowa maji, hata pasiwe na vumbi la kuruka. Kwa hesabu yetu hiyo ilikuwa kazi ya majuma mengi, maana sisi si vijana.

Nasi twawaambia kweli, shauri hilo halikuwa jepesi. Upande mmoja alikuwako mtoto, ambaye kila ajapo huuliza, “Babu, bado?” Lakini mtoto angengoja, maana anayo miaka. Aliyetutia wasiwasi ni mzee. Majira ya baridi yalikuwa yakikaribia, naye alikuwa amelazwa hospitali mara mbili mwaka huo. Tuliogopa ya kwamba tukifuata njia ya polepole, gari lingekuwa tayari na mwenye kulitoa hayupo. Kwa hiyo tukaona si haki kukata shauri bila yeye. Tukaenda kwake, tukamweleza njia zote mbili, na hofu yetu tukaitaja, ingawa kwa maneno ya adabu.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Baba yangu alipokaa usiku, nilimsikia akivuta pumzi kupitia ukutani. Nililala kwa sauti hiyo miaka yote ya utoto wangu. Yule kijana wa mashine ana watoto?” Tukasema hatujui. Akasema, “Vumbi lilimtosha baba yangu. Fanyeni kwa maji. Mimi nitangoja.”

Hapo shauri likaisha. Tukatandika nailoni chini ya gari, tukavaa barakoa za kuzuia chembe nyembamba pamoja na glovu, na mtoto akakatazwa kuingia uani mpaka tumalize. Mmoja wetu alikwangua na mwenziwe akapangusa kwa kitambaa kilicholowa. Maganda ya rangi hatukuyafagia, maana ufagio hurusha vumbi. Tuliyakusanya yakiwa yangali mabichi, tukayafunga katika mifuko, tukayapeleka mahali ambapo mji hupokea taka za sumu. Nguo za kazi tulizifua peke yake. Wala hatukutumia moto kuiunguza rangi, kwa kuwa moto hugeuza risasi kuwa moshi, na moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Kazi ya sakafu, ambayo ilitaka kuchomelewa, tuliiacha mpaka chuma kilipokuwa safi kabisa. Siku nyingine tulimaliza sehemu isiyozidi kiganja. Lakini waliosema polepole ndio mwendo hawakukosea, maana bati likifanyiwa kazi kwa maji na mkono halipindi, na alama zake zote hubaki zikionekana.

Katika kukwangua tuliona mikunjo midogo upande wa ndani wa boneti, mahali ambapo mashine ililifinya bati, na kingo zilizolainishwa kwa tupa, kiharusi baada ya kiharusi, visivyolingana sawasawa. Mkono wa mtu ulipita hapo. Fundi tuliyemwita kuchomelea sakafu alitaka kuzijaza zote kwa lipu ya bodi ili pawe laini kama kioo. Tukamwomba aache. Upande wa nje alinyoosha, maana mtoto apenda gari jipya. Upande wa ndani tuliuacha kama ulivyotoka Bargoed.

Baada ya hayo kazi ikawa ya furaha. Tukapaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na juu yake rangi isiyo na risasi, ya buluu, kwa kuwa ndiyo aliyoichagua mwenyewe mtoto. Matairi na mipira ya ndani tulinunua mipya, maana wako watu mpaka leo wanaotengeneza vipuri vya gari hili. Mwendo wake si kama wa baiskeli. Mtoto hasukumi miguu kwa kuzunguka, bali husukuma huu na huu kwa zamu, na vyuma virefu huuchukua msukumo huo mpaka kwenye ekseli ya nyuma iliyopindwa, nayo huyageuza magurudumu. Tuliyatia grisi maungio yote, na kiti tukakisogeza mbele kulingana na miguu yake. Breki ya mkono tuliijaribu mara nyingi penye mteremko wa uani. Kitu kizito cha kilo 40 kisipokuwa na breki hakifai kupewa mtoto, hata kingekuwa kizuri namna gani.

Labda msomaji atauliza, “Gari la Wales latuhusu nini sisi?” Latuhusu. Kwetu nako wako watu wapasuao mwamba chini ya ardhi, katika tanzanite ya Mererani na katika machimbo ya dhahabu, na vumbi la mwamba hushika mapafu kama lilivyofanya vumbi la makaa, au zaidi. Kumwaga maji penye kutoboa ni taabu na ni kuchelewa, lakini kwaokoa pumzi. Kwetu nako rangi za makopo, hasa za manjano na nyekundu, zimeonekana mara nyingi kuwa na risasi. Basi mzazi apakaye kitanda cha mtoto, na mwalimu apakaye madawati, yampasa asome kopo kabla ya kununua. Na atakaye kuikwangua rangi ya zamani mlangoni pake, ailoweshe kwanza, na watoto wake wawe mbali. Huhitaji mashine kwa hayo. Huhitaji ila ndoo ya maji na moyo wa kungoja.

Gari lilimalizika katika mwezi wa Aprili, isipokuwa taa. Hizo tulizibakiza kwa makusudi. Siku tuliyokuwa tayari tukamwita mzee, naye akaja kwa fimbo yake, akaketishwa kitini uani. Tukampa taa ya kushoto mkononi. Vidole vyake vilitetemeka, lakini aliizungusha katika tundu lake akaijua njia yake, maana alikuwa amemwona baba yake akionyesha kazi hiyo mezani kwa kikombe na sahani. Ya kulia akamwachia mtoto, akimwelekeza. Kisha mtoto akaingia, mmoja wetu akaunga betri, na swichi ikabonyezwa. Taa zote mbili zikawaka.

Mtoto akamuuliza, “Nani alilitengeneza hili?”

Mzee akasema, “Babu yako na bibi yako.”

Akasema, “La, kwanza. Kabla yao.”

Ndipo mzee akamtajia jina la baba yake, na majina ya wenzake wawili aliowakumbuka, mmoja baada ya mwingine. Mtoto akayarudia majina hayo polepole ili asiyasahau. Kisha akapiga honi, akaomba tumpishe njia.